Tonge la Kijivu

Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza. Sitaki lawama. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Sydney, nikiwa macho na akili zangu timamu. Sikusimuliwa na rafiki wa rafiki, sikuota, na pombe sinywi. Walioshuhudia wapo, wengine tunasalimiana kila Jumapili, ingawa ukiwauliza watakwambia waliona mgeni mchafu tu akila pilau. Sawa. Wao hawakula tonge lake. Nililila mimi.

Nianze na kazi yangu ya zamani, maana ndiyo iliyoniponza. Kabla sijaja huku kuendesha lori la makontena pale Port Botany, nilikuwa mkalimani wa sinema kwenye banda la video huko Kahama. Kama hujawahi kuingia banda la video, ni hivi: inakuja filamu ya Kichina au ya Kihindi, hakuna anayeelewa hata neno, basi mkalimani anakaa na kipaza sauti chake, sauti ya filamu inapunguzwa, na yeye anasema kwa niaba ya wote. Jambazi ni mimi, bibi harusi ni mimi, farasi akikohoa ni mimi. Je, nilikijua Kichina? Hata salamu. Nani alikijua? Kazi ilikuwa na sheria moja tu: mdomo ukifunguka kwenye skrini, usiuache ufunge mtupu. Ujaze.

Sasa, hapa Sydney zipo siku ambazo watu hutoa makorokoro yao kando ya barabara ili gari la manispaa lije liyabebe. Usicheke. Nusu ya nyumba zetu zimejazwa na siku hizo. Kochi langu limetoka barabarani, meza ya kulia imetoka barabarani, na mke wangu, ambaye ni nesi kule Bankstown, Mkenya wa Nakuru mwenye vita vya kudumu na uchafu, anavitumia vyote bila neno kwa kuwa alivipiga dawa mwenyewe. Lakini siku niliyookota projekta ya zamani na makopo mapana ya bati, mtaa wa nyuma yetu hapa Lidcombe, alisimama mlangoni akaziba pua.

"Baba Neema," akasema, "hiyo kitu imeoza. Haiingii kwa hii nyumba."

Alisema kweli. Nilipofungua kopo la kwanza nilipigwa na harufu ya siki, lakini si siki ya kachumbari. Ni siki iliyolala na soksi na mafuta yaliyochacha. Mkanda wa filamu uliokuwa ndani ulikuwa umejikunja na unanata, na uliniachia utelezi vidoleni kama kamasi za mtoto. Nikajifuta kwenye suruali, na suruali ile sikuivaa tena. Mtu mwenye akili zake angerudisha makopo yale barabarani. Mimi nikampelekea Papa Déo.

Papa Déo ni rafiki yangu, Mkongo wa Bukavu, anafanya kazi kwenye ghala la mizigo na ni mzee wa kanisa lao. Pia ni fundi wa kila kilichokufa. Alisoma maandishi ya kwenye kopo akaniambia ni filamu bubu ya Wafaransa, ina kama miaka mia hivi, inahusu wafalme na ngome za kale, kabla bunduki hazijajulikana. Akaisafisha projekta, ikawaka. Ndipo akaja na wazo lake. Jumapili baada ya ibada watu wanakula pamoja ukumbini. Kwa nini tusiwaonyeshe, nami nikaikalimani kama nyumbani? Nikamwambia sijui Kifaransa. Akacheka, akasema hata Kichina sikukijua.

Ningekataaje? Wanaonifahamu hapa wananijua kama dereva, baba Neema, yule Mtanzania mwenye maneno. Hawakuwahi kunisikia nikiwa na kipaza sauti. Na Neema, binti yangu wa miaka saba, Kiswahili anakielewa chote lakini ukimuuliza jambo anakujibu kwa Kiingereza. Nilitaka acheke kwa Kiswahili, basi. Hilo tu ndilo nililotaka.

Ilikuwa mwezi wa Juni, baridi, giza linaingia saa kumi na moja jioni kana kwamba linalipwa. Tukafunga mapazia ya ukumbi, tukatundika shuka jeupe ukutani. Chumba cha pembeni masinia ya pilau yalikuwa yamefunikwa yanasubiri. Nikakaa pembeni ya shuka na kipaza sauti, Papa Déo akawasha mashine, krrrrr, na hiyo harufu ikaanza kutoka na joto la taa. Wamama wa mbele wakajifunika pua kwa vitenge.

Niseme filamu yenyewe ilikuwa kubwa. Ngome ya kweli, farasi kwa mamia, wanaume waliovaa nguo za minyororo, mji uliozingirwa na maadui, na wenye njaa wamejaa nje ya kuta. Lakini uchafu! Bwana wa ngome anakula karamu na watu wake, wananyofoa mapaja ya nyama, mafuta yanatiririka ndevuni, vidole wanafutia kwenye migongo ya mbwa. Hao ndio babu za watu wanaotuuliza kwa nini tunakula kwa mikono. Nilimwita bwana yule Chifu Tumbo, mke wake Bi Mashavu, na ukumbi ukalipuka. Neema alikuwa amekaa sakafuni mbele kabisa, anacheka mpaka anajishika mbavu. Nilijisikia kijana.

Basi katikati ya karamu ile mlango wa ngome ukafunguka, akaingia ombaomba. Amefungwa matambara mikononi na kichwani, uso umepakwa kitu cheupe kizito, na mkononi ana vibao viwili vya kugonganisha. Baadaye Papa Déo alinieleza kwamba zamani hizo Ulaya, mgonjwa wa maradhi ya kutisha alipewa vibao vile ili watu wamsikie anakuja, wamkimbie. Mimi sikulijua hilo. Nilichokiona ni mtu aliyewakuta wenzake wanakula.

Na mtu akikukuta unakula, wewe mwenye kulelewa unamwambiaje?

Chifu Tumbo akasimama, akanyoosha mkono, mdomo ukafunguka. Yakatokea maandishi ya Kifaransa kwenye shuka, makubwa, na mimi, kama nilivyozoea, nikayapita juu kwa juu. Nikatoa sauti ya kibwana nikasema, "Karibu mzee, karibu. Jongea tule, watoto hawa ni wako." Watu wakacheka sana. Nyuma kule nikamsikia Papa Déo akisema, "Ndugu, haiko vile banaandika. Banasema bafunge mulango." Nikampungia mkono anyamaze. Mkalimani hakatizwi.

Ombaomba akafungua mdomo naye. Nikampa sauti ya mzee, ya kukwaruza: "Asante. Nina njaa ya siku nyingi. Nitakula na watoto." Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Maisha yangu yote ya ukalimani ni mimi ninayeifuata midomo ya watu wa kwenye skrini, na siku zote nachelewa kidogo. Huyu midomo yake ilinifuata mimi. Nilisema "nitakula", midomo ikasema "nitakula", ikajifunga pale pale nilipofunga. Kisha akaacha kumtazama chifu. Akageuza uso, taratibu, akatutazama sisi.

Mkanda ukakwama. Uso ule ukasimama kwenye shuka, halafu ukaanza kuungua kutoka katikati, doa la hudhurungi likavimba na kutoa mapovu, kama ngozi iliyomwagiwa mafuta ya moto, mpaka likala shuka zima. Papa Déo akazima mashine haraka. Taa zikawashwa, watu wakapiga makofi, wakadhani imeisha. Wakaenda kula.

Nilinawa mikono mara mbili, niamini. Tukakaa chini kwenye mikeka, wanaume sinia hili, wanawake lile, watoto wamejibanza kwa baba zao. Mke wangu alikuwa kazini zamu ya mchana, kwa hiyo Neema alikuwa kwangu. Pilau ilikuwa nzuri, nakumbuka mpaka leo, maana ndiyo ya mwisho kwangu kuwa na ladha ya pilau. Nilikuwa tonge la pili au la tatu nilipoona mkono mwingine umeingia kwenye sinia letu.

Sikuuliza ni wa nani. Wewe ungeuliza? Mgeni akishakaa kwenye sinia humhoji jina, ni aibu. Kila mmoja wetu alidhani ni mgeni wa mwenzake. Nikainua macho kwa adabu, ili nimsalimie.

Alikuwa wa kijivu. Sisemi nguo zake, nasema yeye. Matambara, vidole, midomo, ulimi, vyote kijivu, hana rangi hata tone, kana kwamba ametoka kwenye shuka na kusahau kuvaa mwili. Ule weupe wa usoni ulikuwa poda iliyochanganywa na mafuta, umekauka na kupasuka, na kwenye nyufa kulikuwa kunachuruzika. Alinuka siki ile ile. Na pale mkono wake ulipogusa, chakula kilikufa rangi. Karoti zikawa kijivu. Nyanya za kachumbari zikawa kijivu. Ukawa mstari kwenye sinia, kutoka upande wake kuja upande wetu, unatambaa kila anapochota.

Alikuwa anatafuna mdomo wazi. Ute ulimning'inia kidevuni kama uzi. Alichoshindwa kumeza alikitema kiganjani, akakirudisha kwenye sinia, akakibonyeza na wali, akachota tena. Na hakukuwa na sauti. Hilo ndilo baya zaidi. Mtu anayekula vile unapaswa kumsikia, lakini nilisikia wenzangu tu. Jirani yangu akanong'ona kwamba labda ni mtu wa mtaani, tumvumilie. Mimi nilikuwa najizuia nisitapike mbele ya watu wa kanisa.

Ningesimama. Niliazimia kusimama na mtoto wangu tuondoke. Lakini yule mgeni akafinyanga tonge, kubwa, akalibonyeza bonyeza mpaka mafuta yakatoka katikati ya vidole, akalinyoosha kwa Neema. Unajua desturi yetu, mzee kumlisha mtoto tonge la mkono wake ni upendo, hakuna anayekataza. Neema akarudi nyuma.

"Dad, it stinks," akasema.

Mgeni akafungua mdomo, hana sauti. Na mimi, niliyekuwa nimeuma meno nisitapike, nikasikia mdomo wangu ukifunguka.

"Njoo, mwanangu," nikasema. "Fungua mdomo, nikulishe."

Ilikuwa sauti ile ya kukwaruza niliyompa kwenye filamu, lakini ni yangu, na mtoto anaijua sauti ya baba yake hata akiigiza. Alinigeukia. Nilitaka kumwambia akimbie. Nilijaribu, sikudanganyi, nililisukuma neno hilo kwa nguvu zote mpaka machozi yakanitoka. Midomo ya yule mtu ikacheza tena, na mimi nikasema, "Usiogope. Ni chakula tu. Baba anakwambia kula." Niliyasema mimi hayo. Kwa mtoto wangu. Wanaume waliokuwa pale walitabasamu, wakadhani namfundisha heshima.

Neema ni mtiifu. Akafumba macho, akafungua mdomo. Tonge likamgusa mdomo wa chini.

Sijui nilifikiri nini, nadhani sikufikiri. Nilijua kitu kimoja tu ambacho kila mkalimani anakijua, kwamba mwenye chakula mdomoni hawezi kusema. Nikaukamata ule mkono. Ulikuwa baridi na laini, unabonyea kama ndizi iliyooza, na kipande cha kitambaa kilibaki kwenye kiganja changu. Nikaukokota mpaka kwangu, nikalila lile tonge kutoka vidoleni mwake. Lote.

Nikueleze ladha? Nje wali, vuguvugu. Ndani baridi. Siki, halafu mafuta ya nguruwe yaliyokaa kabatini, halafu poda, halafu kitu cha uzi uzi, na katikati kitu kigumu chembamba, kama ukucha. Kikasogea. Nikaweka kiganja juu ya mdomo. Yule mgeni akanitazama, midomo ikacheza, ikacheza tena kwa hasira, na mimi nikabaki nimejaa, sina pa kupitishia neno. Neema akaanza kulia kwa sauti.

Hapo ndipo Papa Déo alipoacha kula. Yeye alikuwa amekaa sinia jingine, na nadhani kilio cha mtoto ndicho kilichomgeuza. Alimtazama mgeni, akavitazama vibao viwili vilivyowekwa kando ya mkeka, akamtambua. Akaenda mlangoni, akaufungua, baridi ikaingia. Kisha akasema kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayesoma Biblia. Ndiyo yale maneno yaliyoandikwa kwenye shuka, aliniambia baadaye, yale niliyoyapita juu kwa juu: fungeni mlango, huyu asiingie tena kwenye nyumba hii.

Mgeni akasimama. Alitembea kama wanavyotembea watu wa filamu za zamani, haraka haraka, kwa kushtuka shtuka, miguu haitoi kishindo. Alipopita karibu na Papa Déo vibao vyake viligongana, nami niliona vikigongana, na hakikusikika kitu. Papa Déo akafunga mlango, akaweka komeo, akabaki ameuegemea.

"Ule alikuwa mugeni wa nani?" akauliza. Kila mtu akamwonyesha mwenzake.

Nilikimbilia chooni kutema. Sikuwahi. Lile tonge lilishuka lenyewe, taratibu, kama lina miguu. Nilitia vidole kooni mpaka nikatoa damu, na halikurudi.

Mke wangu alipopata habari hakubishana wala hakupiga kelele. Alitoa projekta na makopo nje usiku ule ule, akiwa na glavu za kazini. Asubuhi hayakuwepo. Gari la manispaa halikuwa limepita bado. Kwa hiyo yapo kwa mtu, hapa hapa mjini, na mtu huyo labda anapenda sinema.

Mimi tangu siku ile kila ninachokula kina ladha ile. Chai ina siki, ugali una poda. Daktari alinichunguza ulimi akasema hauna kasoro. Nimekonda, wenzangu bandarini wananitania kwamba nimependa mtu. Na nimekuwa na tabia mbaya, najua: nikiwa nakula sisemi karibu. Mtu akinikuta na sahani naangalia chini. Waswahili wenzangu wamenisema, eti nimekuwa mzungu, eti mchoyo, na mama yangu kule Kahama amesikia, akapiga simu analia, akiniuliza alinilea vipi.

Neema ni mzima, anasoma, anacheza. Ila mdomo wake wa chini, pale tonge lilipogusa, pana alama ndogo ya kijivu. Mke wangu anaipaka mafuta kila jioni. Nilidhani ndiyo imeishia hapo.

Wiki iliyopita tulikuwa mezani, mlango nimeufunga kama kawaida. Neema akaacha kula, akageuza uso taratibu, akautazama mlango. Kisha akasema, kwa Kiswahili, Kiswahili safi kabisa, mtoto ambaye hajawahi kunijibu kwa Kiswahili tangu aanze shule:

"Baba, mzee amesimama nje. Mkaribishe."

Kijiko kilimdondoka mke wangu. Na mimi nikahisi mdomo wangu unaanza kufunguka. Nikachota wali, nikaujaza, nikaongeza, nikatafuna nikitazama sahani mpaka mtoto aliporudi kwenye chakula chake.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukikuta kopo la bati linanuka siki kando ya barabara, liache hapo hapo. Mdomo bubu ukikufungukia, uache ufunge mtupu. Na siku ukipita kwangu Lidcombe wakati wa chakula, tafadhali usipige hodi, wala usinichukie kwa kutokujibu. Nitakuwa ndani, nimejaza mdomo.